Kazi Iliyofichwa Ndani ya Ukuta



Kila mwaka, matokeo ya darasa la nane yanapotangazwa, wazazi wa mtaa wetu hapa Lubumbashi huja kuniuliza mtoto wao aelekezwe seksyo gani. Wanajua kwamba nilisomea ualimu na kwamba nimesimama mbele ya ubao kwa zaidi ya miaka ishirini na mitano. Wengi huanza kwa maneno yale yale: «Mwalimu, huyu kichwa chake ni kizito kidogo, tumpeleke kwenye ufundi.» Mwenye alama nzuri hutengewa sayansi au biashara, aliyebaki ndiye hupewa koleo na bisibisi. Napenda leo tuipime fikra hiyo kwa kutazama ufundi mmoja tu, ule wa umeme. Nimeufuata kwa karibu miaka hii ya mwisho kwa sababu ya mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, aliyeuchagua akiwa na umri wa miaka kumi na mitano.

Niseme mapema ninalolisadiki. Fundi wa umeme hafundishwi mikono tu. Anafundishwa kufanya vizuri kazi ambayo hakuna atakayeiona. Seremala akitengeneza meza mbaya, mwenye nyumba ataiona ikiyumba siku ya kwanza. Mshonaji akikosea kipimo cha gauni, watu wote wa arusi watajua. Lakini fundi wa umeme akimaliza, mwashi huja na saruji yake akafunika mabomba na nyaya, kisha mpaka rangi hupita, na ukuta wa fundi mwaminifu hufanana kabisa na ukuta wa mdanganyifu. Taa huwaka katika nyumba zote mbili. Tofauti hujulikana baada ya miaka, mara nyingi usiku, watu wakiwa wamelala.

Hapa kwetu kijana anaweza kuufikia ufundi huu kwa njia tatu. Ya kwanza ni shule ya ufundi: baada ya darasa la nane la elimu ya msingi, mwanafunzi hukaa miaka minne katika seksyo ya umeme, na mwishoni hufanya Mtihani wa Taifa kama wenzake wa sayansi na wa ualimu. Ya pili ni vituo vya mafunzo ya kazi, kama vile vya INPP, taasisi ya taifa iliyoundwa mwaka 1964, ambavyo hupokea vijana na hata watu wazima waliokwisha kuingia kazini. Ya tatu, iliyo ya zamani kuliko zote, ni kumfuata fundi: kijana hubeba ngazi na mfuko wa vyombo, hutazama, na polepole huachiwa kazi. Kanisa nalo lina historia ndefu katika jambo hili. Wasalesiani walipofika mji huu mwaka 1911, ulipokuwa ukiitwa Élisabethville, kuwafundisha vijana kazi za mikono kulikuwa miongoni mwa shughuli zao za mwanzo.

Njia ya tatu siidharau. Mafundi wengi wazuri wametokea huko. Lakini anayejifunza kwa kutazama hupata kile kinachoonekana, na umeme hauonekani. Huona fundi akiunganisha waya na waya. Haoni kwa nini waya ule una unene ule na si mwingine. Hapo ndipo hesabu inapoingia, ile hesabu ambayo wazazi hudhani wameikimbia kwa kumpeleka mtoto kwenye ufundi.

Mpwa wangu, katika mwaka wake wa kwanza, alirudi nyumbani siku moja akamwomba mama yake asiwashe resho mbili na pasi kwa wakati mmoja. Mama yake akacheka, akasema kwamba amefanya hivyo miaka kumi. Kijana akachukua daftari. Resho moja ina nguvu ya wati 2,000. Mbili ni 4,000. Pasi inaongeza 1,000. Umeme wetu ni wa volti 220. Gawanya: karibu ampea 23 zinapita katika waya mmoja. Waya uliokuwa katika ukuta ule ulikuwa na kipimo cha milimita mraba 1.5, ambao kwa desturi ni waya wa taa na hulindwa kwa ampea 10 au 16. Kisha akaongeza kanuni ambayo wengi hawaijui: mkondo ukizidi mara mbili, joto katika waya huzidi mara nne. Waya haushiki moto siku hiyo. Hupata joto, plastiki yake hulainika, hukauka, hupasuka kidogo kidogo mwaka baada ya mwaka, hadi siku ambapo waya mmoja hugusa mwenzake. Kwa hiyo miaka kumi ya mama yake haikuwa ushahidi wa usalama. Ilikuwa miaka kumi ya kuuchosha waya.

Nilikuwapo siku ile, nami nikaona jambo ambalo mwalimu huliona mara chache: somo la darasani likiingia jikoni na kubadilisha desturi. Tangu siku ile dada yangu hupiga pasi baada ya kupika.

Somo la pili lilinishangaza hata mimi. Nilidhani kwamba disjonkta, kile chombo kinachokata umeme chenyewe mzigo unapozidi, kimewekwa kwa ajili ya kutulinda sisi. Mpwa wangu akanieleza: «Hapana, Mjomba. Ile ya kawaida inalinda waya, mtu haimwoni.» Disjonkta ya ampea 16 husubiri ampea 16 zipitwe. Lakini mwili wa binadamu hauhitaji hata sehemu ya mia tano ya hizo ili uwe hatarini. Mkondo unaowasha ampuli ndogo ya wati 9, ukipita kifuani, unaweza kuvuruga mapigo ya moyo hadi mtu akafa. Ndiyo sababu kuna chombo kingine, disjonkta ya tofauti, inayolinganisha mkondo unaoingia na ule unaorudi. Pakikosekana miliampea 30 tu, inajua kwamba mkondo umepata njia nyingine, labda mwili wa mtoto, nayo inakata mara moja. Pamoja nayo huwekwa waya wa ardhi, wenye rangi ya kijani na manjano, unaoshuka hadi kwenye fimbo ya chuma iliyochimbiwa udongoni. Fundi mzuri hupima ardhi hiyo wakati wa kiangazi, kwa kuwa udongo mkavu hupitisha umeme vibaya, na kipimo kizuri cha Januari kinaweza kuwa kibaya mwezi wa Agosti. Haya mawili, chombo na fimbo, ndiyo ya kwanza kuondolewa wakati mwenye nyumba anapotaka kupunguza gharama, kwa maana taa huwaka bila ya hayo.

Kisha kuna suala la maneno, ambalo linanihusu kama mwalimu. Vijana wetu hufundishwa kwa Kifaransa na hufanya kazi kwa Kiswahili. Mtaani nimesikia mafundi wakisema «pozitifu na negatifu» hata kwa umeme wa nyumbani, kana kwamba ni batri ya redio. Umeme wa nyumbani hubadili mwelekeo wake mara mia kwa sekunde. Hauna pozitifu wala negatifu. Una faze, ambayo huua, na netri, ambayo hurudisha mkondo. Mwanafunzi aliyechanganya maneno hayo ataweka swichi kwenye netri. Ampuli itazimika vizuri kabisa, na umeme utabaki umesubiri katika kishikio chake. Mama atapanda kiti kubadilisha ampuli akiamini kwamba amezima. Katika ualimu tulifundishwa kwamba kujua jina la kitu ni mwanzo wa kukijua kitu chenyewe. Katika ufundi huu, jina baya linaweza kumfikisha mtu makaburini.

Hali ya miji yetu inaongeza hatari nyingine. Umeme hukatika kwa mgawo na hurudi bila kutangaza. Kijana asiyefundishwa huona giza, akafikiri, «Hakuna umeme,» akashika waya. Shuleni hufundishwa kinyume: giza si ushahidi. Kwanza utenge sehemu unayotaka kuifanyia kazi. Uifunge kwa kufuli ili mwingine asiiwashe. Uhakikishe kwa kipimio kwamba hakuna umeme, baada ya kukijaribu kipimio chenyewe mahali ambapo umeme upo. Kwenye laini kubwa uunganishe nyaya na ardhi. Mwisho uzungushie mahali pa kazi alama ili wapita njia wasikaribie. Wengine hudhani hatua hizi ni za nchi tajiri. Mimi naona zinahitajika zaidi kwetu, ambako jirani anaweza kuwasha jenereta yake bila kuitenga na laini ya mtaa, umeme ukatoka nyumbani kwake na kumfuata fundi juu ya nguzo. Na sote tunakumbuka tarehe 2 Februari 2022, katika soko la Matadi-Kibala, pembezoni mwa Kinshasa: waya wa umeme mkubwa ulikatika ukaanguka mahali palipojaa maji ya mvua, watu 26 wakafa, wengi wao wakiwa akina mama waliokuja kuuza na kununua. Tangu hapo, ninapoona vijana wakichezacheza na nyaya za mtaani, moyo wangu hautulii.

Nafika sasa kwenye jambo lililoijaribu familia yetu. Mpwa wangu alipokuwa katika mwaka wa tatu, baba yake alipoteza kazi. Mtaani kijana alikuwa ameanza kujulikana. Watu walimwita kutengeneza prizi, kuvuta waya, kufunga ampuli, wakimpa chochote. Tulikutana nyumbani kwa dada yangu. Shemeji yangu alisema bila ukali: «Kazi ameshaijua. Miaka miwili iliyobaki ni ya karatasi tu, na watoto wadogo wanafukuzwa shuleni kwa ajili ya karo.» Dada yangu akanitazama: «Yaya, hesabu za daftari hazilishi watu.» Hakuna aliyekuwa mwovu katika chumba kile. Njaa ilikuwa imekaa pamoja nasi mezani.

Tulishauriana hadi jioni. Mwishowe tukakubaliana hivi: mimi nilipe karo yake, mdogo wangu anunue vyombo, yaani kipimio cha mkono na bisibisi zenye mpini uliothibitishwa kwa volti 1,000, na kijana afanye kazi Jumamosi na likizo, lakini si peke yake. Awe chini ya mzee mmoja wa parokia, fundi mstaafu wa migodini. Mzee huyo alikuwa na sheria moja: hakuwasha kitu ambacho hakukipima. Wenye nyumba walimwona kuwa mzito. Kwake mpwa wangu alijifunza lile ambalo hata shule nzuri hulifundisha kwa shida, yaani kusema «bado» mbele ya mtu mwenye haraka na mwenye pesa.

Alipata diploma yake. Miezi michache baadaye alichukuliwa katika ujenzi wa nyumba kubwa ya kupangisha. Msimamizi alileta mizunguko ya waya ya bei rahisi, iliyoandikwa 2.5 na yenye rangi nyekundu ya shaba. Kijana alikwaruza mmoja kwa kisu: ndani ulikuwa mweupe. Ilikuwa aliminiamu iliyopakwa ngozi nyembamba ya shaba. Aliminiamu hupitisha umeme kiasi cha asilimia 60 tu ya shaba kwa unene ule ule, na katika viungo hulegea na kupata joto. Ndugu zangu, fikirini: tunakaa juu ya udongo wa shaba, tumekulia kando ya migodi iliyoijaza dunia nyaya, na waya unaoingizwa katika nyumba zetu ni shaba ya kupakwa!

Alimweleza msimamizi. Jibu lilikuwa fupi: «Ukuta utafunika.» Akakataa kuendelea. Akafukuzwa bila malipo ya siku zake nne, na kijana mwingine akaingia siku iliyofuata. Taa ziliwaka. Hakuna aliyempongeza mpwa wangu. Nyumbani mama yake alilia, kwa kuwa pesa ile ilikuwa imekwisha kuhesabiwa. Sitawaambia kwamba mwenye kukataa alilipwa mara mia; alikaa wiki saba bila kazi. Mimi nimefundisha mengi juu ya dhamiri katika mafundisho ya watu wazima, lakini sijawahi kutoa somo lililomgharimu mtu mshahara wa siku nne na amani ya nyumba yake.

Wapangaji walipoingia, miongoni mwao ilikuwamo familia ya jumuiya yetu ndogo, yenye watoto wanne. Hapo kimya hakikuwezekana tena. Mpwa wangu alikwenda kuwaeleza. Ukuta hakuweza kuuvunja, kwa kuwa si wake. Mwenye nyumba, aliyepigiwa simu, alikubali ifanyike chochote mradi yeye asitoe pesa. Basi wapangaji walichanga kidogo, mzee akatoa ushauri, na kijana akabadilisha disjonkta za prizi akaweka za ampea 10, ili umeme ukatike kabla nyaya zile dhaifu hazijapata joto. Akaongeza na ile ya miliampea 30. Kazi yake hakutaka ilipwe. Je, wanamshukuru? Wakiwasha resho mbili kwa pamoja umeme unakatika, nao hunilalamikia baada ya Misa: «Mwalimu, umeme wa mpwa wako ni mvivu.» Nami huwajibu kwamba uvivu ule ndio unaowalinda watoto wakiwa wamelala.

Kutokana na haya nimejifunza kuwajibu wazazi kwa namna nyingine. Ufundi wa umeme unahitaji mtoto anayeweza kuhesabu, anayesoma maandishi madogo kwenye kifaa, anayeweza kuvumilia kurudia kipimo, na ambaye hasemi uongo kwa urahisi. Tabia hiyo ya mwisho ipimwe kwanza. Binti anaweza kuwa nayo sawa na mvulana. Katika darasa la mpwa wangu walikuwamo wasichana wawili, na mmoja wao ndiye aliyewashinda wote katika kuchora michoro. Mzazi akichagua shule, asiulize tu karo. Aombe kuona karakana: je, kuna meza za mazoezi, vipimio vinavyofanya kazi, na umeme wenyewe? Je, wanafunzi hupelekwa kwenye staji, na nani huwafuata huko? Wanafundishwa mitambo ya jua? Kwa kuwa walio wengi nchini bado hawana umeme, na nguzo kubwa za laini ya Inga hadi Kolwezi, yenye urefu wa kilomita 1,700 hivi, zimepita juu ya vijiji vingi bila kuviangazia, kazi nyingi ya kesho itakuwa ya paneli na batri. Huko nako kuna hatari zake: batri ya volti 12 haimpigi mtu kwa umeme, lakini ufunguo wa chuma ukiangukia vichwa vyake viwili, huwa mwekundu kama kaa la moto.

Nasi tunaowaita mafundi tuna sehemu yetu. Kila tunapomwambia kijana, «Fanya rahisi, weka tu iwake,» tunamfundisha. Nasi hufundisha kwa nguvu kuliko shule, kwa kuwa sisi ndio wenye pesa. Kanisa letu la Kongo lina mwenye heri mlei aliyekuwa msaidizi wa waashi, Isidore Bakanja, aliyetangazwa mwaka 1994. Na katika barua yake ya mwaka 1981 juu ya kazi, Papa Yohane Paulo wa Pili alifundisha kwamba kipimo cha kwanza cha thamani ya kazi ni mtu anayeifanya. Kama ni hivyo, basi kijana anayejifunza kufunga waya wa ardhi ambao hakuna atakayeuona anastahili karo yetu, subira yetu na malipo kamili ya siku zake, hata siku zile anapotuambia «bado».

Maswali ya kutafakari katika jumuiya ndogo:

1. Katika familia zetu, ni mtoto gani tunayempeleka kwenye ufundi, na kwa sababu gani?

2. Mara ya mwisho tulipomwita fundi wa umeme, tulimwomba apunguze nini? Je, katika nyumba zetu kuna waya wa ardhi, na nani aliupima?

3. Yupo katika mtaa wetu kijana anayetaka kuacha shule ya ufundi kwa kukosa karo au vyombo? Jumuiya yetu inaweza kuchangia nini kabla ya mwisho wa mwezi?